Hofu ya mtoto haiponi kwa kiboko wala kwa kufichwa

Jumapili jioni, sare zikishapigwa pasi na viatu vikishapakwa rangi, tumbo la mtoto huanza kuuma. Mama anachemsha tangawizi. Baba anauliza nani kamlisha maembe mabichi. Usiku mtoto anaamka kwenda chooni tena na tena, na asubuhi ya Jumatatu kichwa nacho kinagonga. Ikifika saa nne, wenzake wakiwa wameshaingia darasani, tumbo limetulia na mgonjwa yuko uani anacheza. Jumatano, siku isiyo na jaribio la hisabati, haumwi kitu.

Kisa hiki kinasimuliwa kwenye vibaraza vya Tanga, saluni za Mbagala na makundi ya WhatsApp ya wazazi kuanzia Mwanza hadi Mombasa. Majibu yake huwa mawili. La kwanza ni "anadeka huyo", likifuatwa na fimbo au maneno makali mpaka viatu vivaliwe. La pili ni la huruma: "Leo pumzika mwanangu, utaenda kesho." Wenye jibu la kwanza wanawasema wenzao kwamba wanalea watoto wa mayai. Wenye jibu la pili wanawaona wenzao makatili. Wote wanampenda mtoto, na wote wanailisha hofu ileile.

Makala haya yanashikilia jambo moja. Mtoto mwenye wasiwasi hupata ustahimilivu anapokutana na kile anachokiogopa, kwa kiasi anachokimudu, akiwa na mtu mzima asiyemcheka, asiyempiga na asiyemfanyia kazi yake. Shule ndiyo mahali panapofaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa ndiko hofu nyingi za watoto zinakozaliwa. Na sehemu kubwa ya kazi yenyewe haidai fedha mpya. Inadai watu wazima wabadili mazoea.

Hofu ikikimbiwa hukua

Wasiwasi peke yake si ugonjwa. Mwili unapohisi hatari, moyo hudunda, viganja hutoka jasho, pumzi hufupika, tumbo hukaza. Mtoto aliyekutana na nyoka njiani huokolewa na mabadiliko hayo. Mtoto aliyeitwa ubaoni kujumlisha sehemu hupatwa na mabadiliko yaleyale, ingawa mbele yake hakuna nyoka, ila chaki na macho ya wenzake sabini. Ndiyo maana tumbo la Jumatatu linauma kweli. Mtoto hajatunga maumivu hayo, na anayemwambia "huumwi wewe" anamfundisha kitu kimoja tu: siku nyingine asiseme.

Shida huanza pale kukimbia kunapogeuka kuwa dawa. Mtoto akiachwa nyumbani, nafuu huja papo hapo, na ubongo unaweka kumbukumbu kwamba kubaki ndiko kulikomponya. Kesho yake mlango wa darasa unaonekana mbali zaidi kuliko jana. Siku mbili zinakuwa wiki, mada inampita, na sasa ana sababu mpya ya kuogopa, maana hajui wenzake wamefika wapi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Je, huyo aliyeumwa atajuaje tena kuwa ung'ongo ni ung'ongo, kama kila akiuona anatimua mbio?

Swali hilo lilipata jibu zamani. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo aliyeitwa Peter, aliyekuwa akiwaogopa sungura. Peter aliketishwa akila chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali, ndani ya kizimba. Kadiri siku zilivyokwenda, sungura alisogezwa karibu, hatua kwa hatua, bila kumshtua mtoto. Mwishowe Peter alimshika mwenyewe. Tiba za hofu zinazotumika leo hospitalini zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya msingi huo: kusogea kidogo kidogo, katika usalama, mpaka mwili ujifunze kwamba hakuna kinachouma.

Kwanza iulizwe: je, hatari ipo kweli?

Kabla mtoto hajasukumwa hata hatua moja, mtu mzima ana wajibu wa kuchunguza. Yapo matumbo yanayouma kwa minyoo, amiba au vidonda, na hayo ni ya zahanati. Wapo watoto wanaoogopa shule kwa sababu kuna mkubwa anayewanyang'anya nauli, choo kisicho na mlango, mtu anayewashika vibaya, au kipande cha njia chenye vichaka kabla jua halijachomoza. Yuko msichana aliyeanza hedhi na hana pedi wala mahali pa kubadilishia. Yuko aliyelala na njaa na anajua atasinzia mbele ya mwalimu mkali.

Kumwambia mtoto wa namna hii "jikaze" ni kumwacha peke yake na adui. Ustahimilivu haumaanishi kuvumilia unyanyasaji. Choo kiwekewe mlango, mnyang'anyi ashughulikiwe, na anayemdhuru mtoto aripotiwe. Tanzania na Kenya zote zina namba ya simu ya mtoto, 116, inayopigwa bure, na namba hiyo inastahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila darasa.

Kiboko kinafundisha nini?

Watetezi wa kiboko wana methali yao: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ina ukweli mzito. Mzazi asiyethubutu kumkatalia mwanawe chochote atakuja kujuta. Lakini haijaamuru mtoto alizwe. Mzazi anayemfikisha mwanawe getini akiwa na machozi, akamshika mkono, akamwambia "nenda, saa saba nitakuwa hapa", huyo hakumchelea mwana kulia. Na hakuinua fimbo.

Kanuni za Tanzania bado zinaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari maalumu. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mstarini anajua jinsi idadi hiyo inavyopitwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 uligundua kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Mwaka 2018 kifo cha mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba, kilichohusishwa na adhabu ya viboko, kilitikisa nchi nzima. Kenya ilipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001, ingawa fimbo hazijatoweka huko pia.

Kwa mtoto mkaidi, kiboko huenda kikazima ukaidi kwa saa chache. Kwa mtoto mwenye wasiwasi, kinathibitisha alichokuwa akikishuku tangu mwanzo: kukosea ni hatari kwa mwili. Atafanya nini? Hatanyoosha mkono tena. Atanakili kwa jirani. Ataomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi cha hisabati. Mwalimu ataona darasa tulivu na kudhani amefaulu, kumbe nusu ya watoto wamejificha humo humo madawatini.

Je, shule inaweza kuendeshwa bila fimbo hapa kwetu, kwenye madarasa yanayofurika? Uganda ilijaribu. Katika wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 ziliingizwa kwenye utafiti wa mpango wa shirika la Raising Voices uitwao Good School Toolkit, unaowashirikisha walimu, wanafunzi na uongozi katika kubadili namna shule inavyoishi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizofuata mpango huo, asilimia 31 ya wanafunzi walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyopita. Katika shule nyingine walikuwa karibu asilimia 49. Bado ni wengi mno, lakini tofauti hiyo ilipatikana kwa walimu walewale na mishahara ileile.

"Umekuwa wa ngapi?"

Ripoti zinapotoka Juni na Desemba, swali la kwanza sebuleni ni hilo. Jirani anauliza, mjomba anauliza kwa simu kutoka Muscat, hata mwenye duka anauliza. Ni nadra mtu kumuuliza mtoto amejifunza nini ambacho Januari hakukijua.

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini huku chini, shule nyingi zinaendelea kusoma majina mstarini kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mtoto wa themanini na tisa husimama juani akisubiri jina lake lifike. Anajifunza nini pale? Mtoto aliyepanda kutoka alama 18 hadi 31 amefanya kazi kubwa kuliko aliyebaki na 90 zake, ila orodha haina safu ya kuandika hilo.

Kisha kuna ukuta wa Kidato cha Kwanza. Mtoto wa shule ya serikali Tanzania husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, akavuka likizo, akakuta biolojia na hisabati vyote vimegeuka Kiingereza. Aliyekuwa akijibu kila swali darasa la saba ananyamaza. Baadhi ya shule huongeza kibao cha kuvishwa shingoni anayeteleza na kuongea Kiswahili. Wanazuoni kama Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandika kwa miaka mingi jinsi lugha ya kufundishia inavyomzuia mwanafunzi kuelewa. Kwa mtoto mwenye wasiwasi, inamfunga pia ulimi. Wakati sera inajadiliwa, mwalimu anaweza kumruhusu aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha wasaidiane kuijenga sentensi ya Kiingereza. Walimu wengi hufanya hivyo mlango ukiwa umefungwa. Wangestahili kufanya hivyo mlango ukiwa wazi.

Mtu mzima mmoja

Kwenye kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, watafiti Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Wengine walikulia katika mazingira magumu hasa: umaskini, ulevi nyumbani, ndoa zilizovunjika, mzazi mwenye ugonjwa wa akili. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya hao waliobeba mizigo mingi walikua watu wazima wenye kujiamini, kazi na familia. Jambo moja lilijitokeza katika maisha yao: kulikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kukoma. Mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, jirani, au mwalimu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa, maana hapa malezi ya bibi na shangazi yanajulikana. Linalosahaulika ni nafasi ya mwalimu. Hoja inayotolewa ni idadi: mwalimu mwenye wanafunzi tisini atamjali nani? Hawezi kuwajali wote kwa kiasi kilekile, ni kweli. Lakini walimu wa shule moja wanaweza kuketi alasiri moja mwanzoni mwa muhula, wakapitia majina, wakawataja watoto walionyamaza, wanaotoroka, wanaoumwa kila siku ya jaribio, kisha kila mwalimu akachukua wachache. Kuwasalimu kwa majina. Kuuliza kuhusu mdogo wao mgonjwa. Kugundua wasipokuja. Mpishi wa uji na mlinzi wa getini nao wahusishwe, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaojua nani analia nyuma ya stoo.

Shule nyingi tayari zina mwalimu wa ushauri na unasihi. Mara nyingi kazi hiyo inakabidhiwa mwalimu mwenye vipindi vingi, asiye na chumba wala mafunzo ya kutosha, na wakati mwingine ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu anayeshika fimbo. Mtoto gani atamfungulia moyo aliyemchapa jana?

Hatua ndogo zinavyopangwa darasani

Shule za Kiswahili zilikuwa na dawa hii kabla ya watafiti kuipa jina. Tazama ngonjera, zilizoenezwa na malenga Mathias Mnyampala na kuingia katika sherehe za shule nchi nzima. Mtoto mwoga huanza katika kundi, sauti yake ikiwa imefunikwa na za wenzake. Kisha anapewa ubeti wa kujibizana na mmoja tu. Mazoezi yanarudiwa mpaka maneno yanatoka yenyewe. Siku ya mahafali anasimama mbele ya mkuu wa wilaya na wazazi mia tatu, naye hatetemeki, au anatetemeka na bado anaimba. Madrasa hufanya hivyo kwenye Maulidi, na makanisa kwenye Krismasi. Mtoto huyohuyo Jumatatu hawezi kusoma aya moja ya kitabu cha sayansi. Kwa nini? Kwenye ngonjera alipewa muda wa kujiandaa, alipewa wenzake, na alipokosea alirekebishwa bila kuaibishwa.

Mambo hayo matatu yanaweza kuhamia darasani. Anayeogopa kusoma kwa sauti aanze na jirani wa dawati, aende kwenye kundi la wanne, kisha darasa zima kwa mstari mmoja tu. Mwalimu amwambie jana yake ni aya ipi atakayosoma kesho. Akikosea, mwalimu aulize, "Nani mwingine alifikiri hivi?", na mikono itakayonyooshwa itamwonyesha kwamba hayuko peke yake. Kicheko cha darasa kizimwe mara ya kwanza kinapotokea, maana kikiachwa kinamfunga mdomo mmoja na kuwatisha wengine ishirini.

Kwa watahiniwa kuna jambo la dakika kumi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walionyesha kuwa wanafunzi wanaoogopa sana mitihani walifanya vizuri zaidi walipopewa dakika kumi kabla ya mtihani kuandika waziwazi wanachokiogopa. Hofu ikiwa kichwani inakula nafasi ya kufikiria; ikimwagwa kwenye karatasi inapunguza kelele. Karatasi na kalamu zipo katika kila shule. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "andikeni" badala ya kurudia, dakika ya mwisho, kwamba wakifeli watakwenda kuchunga ng'ombe.

Kenya imetoa mfano mwingine. Kijana Mkenya Tom Osborn na wenzake walianzisha Shamiri, mpango wa vikao vinne vya saa moja, kimoja kwa wiki, kwa wanafunzi wa sekondari wenye dalili za wasiwasi na huzuni kubwa. Vinaongozwa na vijana wa miaka 18 hadi 22 waliopewa mafunzo mafupi, wala si madaktari. Wanafunzi wanazungumza jinsi uwezo unavyokua kwa juhudi, wanajifunza kutambua mema waliyonayo, na wanatafakari yale wanayoyathamini maishani. Jaribio lililohusisha wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba dalili zao zilipungua zaidi kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi saba baadaye. Nchi yenye madaktari wachache wa afya ya akili inahitaji kuutazama mfano huu kwa makini.

Gharama inayolipwa nyumbani

Kaya nyingi tayari zinalipia wasiwasi wa watoto, ila hazijui zinalipia nini. Zinalipa vipimo vya tumbo visivyoonyesha kitu. Zinalipa uhamisho, ada na sare mpya, na hofu inahamia shule mpya pamoja na mtoto. Zinalipa tuisheni hadi usiku, mtoto akarudi amechoka na mwenye hofu zaidi. Zinampeleka bweni angali mdogo "akakomae", jambo lililosambaa kiasi kwamba serikali ya Tanzania ililazimika kupiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne kuanzia Machi 2023. Mama anafunga genge ili abaki na mtoto asiyeumwa, na mauzo ya siku yanapotea.

Mzazi ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiongozwa na Eli Lebowitz, walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 124 wenye wasiwasi mkubwa. Kundi moja la watoto lilipewa tiba ya moja kwa moja. Katika kundi la pili wazazi peke yao ndio waliofundishwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayolingana. Wazazi walijifunza kukiri hofu ya mtoto, kuonyesha imani kwamba ataweza, na kupunguza taratibu yale waliyokuwa wakimfanyia ili asikutane nayo.

Kwa Kiswahili cha nyumbani, maneno hayo si mageni: "Najua unaogopa, na najua utaweza. Leo nitakaa getini mpaka kengele." Wiki ijayo mzazi anaishia dukani ng'ambo ya barabara. Wiki inayofuata anamuaga kwenye kona. Mtoto akirudi, aulizwe alipita vipi pale palipomtisha, na jibu lake lisikilizwe hadi mwisho. Akiwa hawezi kula, halali, anazungumza habari za kujidhuru, au wiki zinapita bila kusogea hata hatua moja, huyo apelekwe hospitali yenye huduma za afya ya akili bila kusubiri muhula uishe.

Kikao cha wazazi kiulize

Mtoto mwenye wasiwasi hasumbui. Havunji madirisha, hapigani, hachelewi kwa ukorofi. Ndiyo maana jina lake halifiki kwenye kikao cha nidhamu wala kwenye meza ya mkuu wa shule. Linafika kwenye orodha ya watoro, wakati ambapo kumrudisha ni kazi kubwa.

Kikao kijacho cha wazazi, baada ya kujadili michango ya madawati na chakula, kina haki ya kupata majibu ya maswali manne. Nani hapa ni mwalimu wa ushauri na unasihi, ana saa ngapi kwa wiki, na anakutana na watoto wapi? Daftari la viboko liko wapi, na linaandikwa kweli? Je, majina yataendelea kusomwa mstarini kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, au kila mtoto atapewa ripoti yake ikiwa na maendeleo yake tangu muhula uliopita? Na watoto waliokosa shule zaidi ya siku tatu mwezi huu, nani amewatembelea nyumbani? Kamati ya shule inaweza kuyaandika majibu hayo kwenye muhtasari na kuyarudia muhula unaofuata, ili ijulikane kipi kimefanyika na nani anadaiwa.